Elfu mbili haikuwa ya kufungua akaunti

Wiki jana kuna mteja ametuwekea nyota moja mtandaoni, sisi mafundi wa kompyuta, ameandika ati tulimla elfu mbili na akaunti ya gemu ya kijana wake haijarudi mpaka leo. Nimeyasoma hayo maoni mara kadhaa na yameniuma, juu huyo mama namkumbuka vizuri. Alikuja Jumamosi asubuhi na kijana wa kidato cha pili, CPU wameifunga kwa leso wakaipakata kwa matatu kutoka Umoja, na kabla sijafungua hata skrubu moja nilimwambia, mama, akaunti iliyopigwa bani, yaani iliyofungwa na kampuni ya gemu, mimi siwezi kuirudisha, na yeyote hapa mjini anayekwambia anaweza anakudanganya. Nikamwambia elfu mbili ni ya kusafisha mashine na kuhakikisha hakuna mtu amebaki ndani ya email yako. Akasema sawa fundi, fanya. Sasa nadhani alipofika nyumbani kijana akamwonyesha jamaa wa Telegram anayefungua akaunti kwa mia nane, na hapo ndio mimi nikawa mwizi.

Na si yeye peke yake, ndio maana naandika. Kila wiki kuna mtu anapanda hizi ngazi zetu pale Luthuli, Nairobi, akiamini gemu likifungwa ni kompyuta imeharibika, kwa hivyo fundi atengeneze.

Akaunti inakaa kwa seva ya kampuni, haiko ndani ya mashine yako. Ile karatasi ndefu unayoshuka nayo haraka ndio ubonyeze Nakubali inasema mambo mengi lakini matatu ndio hukuletea shida. Ya kwanza, akaunti si yako, umepewa ruhusa ya kuitumia, na hata zile nguo na bunduki za ndani ya gemu ulizonunua na pesa ya M-Pesa ni ruhusa tu. Ya pili, ukiweka programu ya mtu mwingine ya kukusaidia kucheza, wanaweza kukufungia bila kurudisha shilingi. Ya tatu, umewaruhusu waangalie mashine yako kama ina hizo programu za kusaidia, ndizo tunaita chiti. Steam, lile duka la gemu za kompyuta, wakikufungia na ule mfumo wao wa kunasa chiti, VAC, wanasema wazi ni ya kudumu na hakuna kujadiliana, gemu za simu nazo, PUBG Mobile wanafunga miaka kumi, Free Fire hawaishii kwa akaunti, wanafunga na simu yenyewe. Mtoto wa miaka kumi na nne akipigwa miaka kumi atarudi akiwa na ishirini na nne, halafu unataka mimi na bisibisi yangu nimfungulie.

Kununua akaunti ya mtu nayo ni hiyo hiyo tu. Kijana mmoja wa Kayole alilipa elfu nne akaunti ya Free Fire yenye vitu vingi, siku ya pili mwenyewe akaingia na ile Facebook iliyofungua akaunti akaichukua. Akaja kwetu ati tumtafutie huyo mtu kwa IP, ile namba ya mashine yake mtandaoni. Hatufanyi hiyo kazi.

Sasa kuna lalamiko lingine, na hili siwezi kulipuuza kwa sababu anayelileta ana haki ya kuuliza. Mteja tumemwekea gemu la Valorant, ameenda nyumbani, ana binamu anayejua kompyuta kidogo, binamu amefungua orodha ya programu akakuta kitu kinaitwa vgtray kinawaka na kila mashine ikiwashwa nacho kinaamka. Simu hiyo hapo. Fundi umeniwekea programu ya kunipeleleza! Hapana. Hiyo ni Vanguard, askari wa hilo gemu, ilianza na Valorant mwaka 2020 na mwaka 2024 wakaipeleka mpaka gemu lao lingine, League of Legends. Inaamka mapema pamoja na Windows na inakaa ndani kabisa, pale kwa kernel, kiini cha Windows, mahali drayva, zile programu za kuendesha vifaa, zinakaa, kwa sababu chiti za siku hizi nazo hukaa huko huko, na askari akisimama nje ya geti hawezi kuona kinachoendelea jikoni. Unaweza kuizima hapo kwa ikoni chini kulia karibu na saa, ila ukitaka kucheza tena lazima urestati mashine. Hiyo tunakuonyesha kaunta bila malipo, siku hizi tunaonyesha kila mtu kabla hajaondoka.

Je, ni sawa mtu akiwa na wasiwasi? Mimi naona ni sawa kabisa. Kitu kinachokaa kwa kernel kikiwa na shimo ni hatari hata kama aliyekiandika hakuwa na nia mbaya. Mwaka 2022 watafiti wa Trend Micro walieleza venye wahalifu walichukua drayva ya kuzuia chiti ya Genshin Impact, mhyprot2, wakaitumia kuzima antivairasi ndio waachilie ransomware, vairasi inayofunga mafaili mpaka ulipe, na mashine haikuhitaji hata kuwa na hilo gemu, walikuja na hiyo drayva wenyewe. Kwa hivyo mtu akiniambia hii laptopu ndio nafanyia kazi ya ofisi na iTax na benki, namshauri gemu za aina hiyo aziweke kwa mashine nyingine, na hapo najinyima kazi ya kuinstoli.

Lakini huyo huyo anayeogopa Vanguard utakuta jioni amezima antivairasi mwenyewe kwa mkono wake ili adaunlodi chiti. Hiyo ndio hunishangaza.

Mashine ya yule mama ilikuwa hivyo. Kijana alikuwa ameona video ya chiti, chini kuna linki, linki inaleta faili ya zip yenye paswadi, na maelezo yanasema zima Defender, antivairasi ya Windows, kwanza juu itadhani ni vairasi. Mnajua kwa nini zip inawekwa paswadi? Ni ili antivairasi isiweze kuchungulia ndani kabla hujaifungua. Akafungua, akabonyeza, kikatokea kidirisha cheusi kikapotea, chiti haikufanya kazi hata dakika moja. Akadhani imekataa. Kumbe ilikuwa imemaliza kazi yake, kubeba paswadi zote zilizohifadhiwa kwa Chrome pamoja na kuki, zile kumbukumbu zinazofanya usiulizwe paswadi kila saa. Na Chrome ilikuwa ya mama. Siku tatu baadaye ukurasa wake wa Facebook wa kuuza mashuka ukaanza kutangaza mambo ya kuwekeza pesa irudi mara mbili, wateja wake wanampigia, na akaunti ya gemu ya kijana ikatumika na mtu mwingine mpaka ikafungwa. Walipokuja kwetu lalamiko lao lilikuwa gemu tu. Hiyo ya Facebook mama alidhani ni kitu kingine, mimi ndio nilimuuliza.

Kampuni inayotengeneza gemu angalau imeandika itakachofanya, ina jina, ina ofisi, inaweza kushtakiwa. Anayeuza chiti umekubaliana naye nini? Na usidhani yeye hakuangalii. Mwaka 2014 mkubwa wa Valve, kampuni yenye Steam, Gabe Newell, alieleza mwenyewe kwamba kuna chiti zilizokuwa zikipiga ripoti kwa seva za wauzaji wake kuhakikisha mteja amelipa, na VAC ikatumia hizo hizo alama za mawasiliano kuwanasa watu 570. Yaani wauza chiti walikuwa wanawachunga wateja wao wasiwaibie.

Lakini njia ya mkato inayoniletea mashine zilizokufa kabisa ni ya Secure Boot, ulinzi unaokagua kinachoamka mashine ikiwashwa. Valorant kwa Windows 11 inataka TPM 2.0, chipu ya usalama, na Secure Boot ziwe zimewashwa, la sivyo unaona kosa la VAN 9001 na huchezi. Sisi tunaitoza 700 na watu wanalia, ati ni kubonyeza kitu kimoja tu kwa baiosi, ile mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka. Sawa, ni kubonyeza, lakini hizi mashine zetu nyingi ni ex-UK, mitumba ya Uingereza, zimewekwa Windows kwa mtindo wa zamani, legasi, na diski iko MBR, mpangilio wa zamani. Ukizima legasi uwashe Secure Boot bila kugeuza diski iwe GPT, mpangilio mpya, mashine inawaka inakwambia hakuna mahali pa kubuti. Na kama diski ina BitLocker, kufuli ya Windows ya kulinda mafaili, inaweza kukusimamisha ikikuuliza ufunguo wa tarakimu 48, na wengi hata hawajui waliwahi kuwa nao. Kuna mwanafunzi wa chuo alifanya hivyo saa tano usiku akifuata video, akachanganyikiwa, akafomati, projekti ya mwaka mzima ikaenda. Kutafuta mafaili yake ilitugharimu siku mbili na yeye elfu sita, na hatukupata yote. Sisi hiyo 700 ni kuangalia aina ya diski, kutafuta ufunguo, kuweka bekapu, kugeuza, kuwasha, kujaribu kubuti mara tatu mbele yako. Kama mashine ni fourth gen, Intel ya kizazi cha nne, iliyolazimishwa Windows 11 na haina TPM 2.0, tutakwambia hapo hapo, hakuna mahali pa kuwasha kitu ambacho hakipo, na hatukutozi kitu.

Na tafadhali, unaponunua mashine ya mkono wa pili ya kuchezea, uliza. Bani nyingine hufuata madabodi, ule ubao mkuu wa mashine, si akaunti. Kuna kijana aliuziwa mashine safi kabisa na jirani, grafiki nzuri, bei ya kutupa, akafungua akaunti mpya na ikakataa siku ya kwanza, akadhani tumeweka gemu vibaya. Tukaweka mara mbili kabla ya kugundua mwenyewe wa kwanza alikuwa ametumia chiti na mashine yenyewe ndio imefungwa. Sasa ukituletea mashine kabla hujalipa tunaingiza gemu unalotaka na akaunti mpya tuone, 300 tu, ingemwokoa elfu thelathini na mbili.

Turudi kwa elfu mbili ya mama. Tulifomati kwa flashi yetu wenyewe, hatukutumia ile riseti ya ndani ya Windows, tukamtolea picha na mafaili yake kwanza tukayakagua moja moja. Halafu tukakaa naye saa moja na nusu kwa kompyuta yetu ya kaunta, si kwa simu ya kijana wala kwa mashine ile chafu, kwa sababu ukibadilisha paswadi ndani ya mashine chafu unampa mwizi ile mpya. Akabadilisha Gmail, akatoa vifaa vyote visivyo vyake, akawasha uthibitisho wa hatua mbili, tukaenda kwa Facebook, tukaondoa admini mmoja asiyemjua. Ukurasa wake wa mashuka ulirudi siku hiyo hiyo, hilo kwa maoni hakuliandika. Tulimfungulia pia kijana akaunti yake ya Windows isiyo na uwezo wa kuinstoli kitu bila paswadi ya mama, na tukarekebisha umri, kwa sababu alikuwa amejiandika amezaliwa 1990. Wazazi mnaachilia hiyo na inawageuka, mkiomba msaada mkiulizwa tarehe ya kuzaliwa hamuikumbuki, na hata sheria yetu ya kulinda data ya mwaka 2019 inataka mzazi ndiye akubali data ya mtoto ichukuliwe, sasa kampuni itakuomba vipi wewe kama mtoto ni mtu mzima kwa karatasi?

Mama, ukisoma hii, risiti yako ninayo na kazi tuliyofanya imeandikwa hapo mstari kwa mstari. Yule wa Telegram usimtumie mia nane na usimpe ile namba ya siri inayoingia kwa SMS, hata akisema ni ya kuthibitisha tu. Leta hiyo CPU nikague tena, hiyo sikutozi. Tuko wazi Jumatatu mpaka Jumamosi, saa tatu mpaka saa kumi na mbili, na wengine wote mkija na mashine ya gemu njooni na chaja, paswadi ya Microsoft na aliyekuwa akiitumia, hata kama ni mtoto, tunahitaji atuambie ukweli alibonyeza nini.