Tazama rangi kwanza, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Nimeisoma insha yako mara mbili, na nimefurahi kuona kwamba unaandika kwa utulivu kuliko unavyozungumza. Hata hivyo, jambo moja limeninyima raha. Umeandika kwamba picha ambayo mchoraji Mwingereza Thomas Gainsborough aliwachora binti zake wakimfukuza kipepeo imejaa huzuni, kwa sababu Mary na Margaret walikuja kuugua maradhi ya akili. Mwanangu, ilipochorwa, yapata mwaka 1756, baba yao hakuyajua hayo. Tazama rangi kwanza.

Nyuso amezitengeneza kwa uangalifu, lakini sehemu nyingine ameziacha na mipigo ya brashi iliyo wazi, kwani kazi hiyo haikumalizwa. Na humo ndimo mwendo ulimo, maana nguo iliyopakwa kwa haraka huonekana kama bado inapepea. Nguo nyeupe ya Margaret na ya manjano ya Mary zinang'aa mbele ya giza la msitu. Kipepeo ametua juu ya mmea wenye miiba, na Margaret, aliye mdogo, anaunyoosha mkono bila kusita, huku dada yake, waliyeshikana naye mkono wa pili, akijizuia kidogo. Ukiniuliza woga wa picha hii uko wapi, nitakuonyesha miiba ile na vidole ambavyo bado havijachomwa. Kama ulihitaji msiba, ulikuwepo wa kweli: binti wa kwanza, naye aliitwa Mary, alikufa mchanga kabla hawa wawili hawajazaliwa. Huo baba aliujua alipoishika brashi. Ya baadaye hakuyajua, nami narudia, tazama rangi kwanza, kwa sababu huko uendako watakusifu kwa kusimulia vizuri, wala hakuna atakayekuuliza ulitazama kwa muda gani.

Utajiuliza mimi nilitazama lini. Ukuta wa chumba chako nimeupaka rangi mara tatu, na michoro yako ilikuwa chini yake. Juzi nimelihamishia kabati sebuleni, vitabu vyako vimo ndani na ufunguo anao dada yako. Nyuma ya kabati nimekuta uso wa mtoto uliouchora kwa penseli, macho yamekamilika, mdomo bado. Fundi anakuja wiki ijayo kuziba ufa, nami nimemwambia sehemu hiyo asiiguse.

Ukija kuaga, uniambie ni uso wa nani.

Mzazi wako