Risala ya Klabu ya Mpira wa Kikapu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Michezo ya Shule

Ndugu mgeni rasmi,
Mkuu wa Shule,
Wajumbe wa Bodi ya Shule,
Mwalimu mlezi wa klabu na walimu wetu wote,
Wazazi na walezi mliopanda kilima hiki kwa miguu,
Wanafunzi wenzetu,
Itifaki imezingatiwa.

Shikamooni. Na kwa wazee wetu wa Kisukuma waliokaa pale chini ya mwembe, mwangaluka.

Ndugu mgeni rasmi, tunakushukuru kwa kukubali kuacha upepo wa ziwa huko chini na kuja kukaa nasi juani juu ya mawe haya. Tunajua ulicheza kikapu enzi zako. Tumeambiwa pia kwamba hupendi risala ndefu yenye maombi mengi. Hilo limetusaidia, maana risala yetu ya mwaka jana ilikuwa na maombi kumi na moja. Tulipofika ombi la saba mgeni alianza kutabasamu, tulipofika la tisa akatazama saa, na mwisho tukapata mpira mmoja. Mwaka huu mwalimu mlezi ametuambia tusome maisha ya bingwa mmoja aliyestaafu, tuseme tumejifunza nini kwake, kisha tuombe jambo moja tu.

Kumchagua bingwa huyo kulituchukua vikao viwili. Kidato cha Tatu walimtaka Michael Jordan. Wengine walimtaka Hasheem Thabeet kwa sababu ni wetu, mtoto wa Dar es Salaam, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, ligi kuu ya kikapu ya kulipwa ya Marekani, ambaye mwaka 2009 alichaguliwa wa pili kati ya wachezaji wapya wote na timu ya Memphis Grizzlies. Hasheem tunamheshimu sana. Lakini yeye ana urefu wa zaidi ya mita 2.2, na katika klabu yetu mrefu kuliko wote ana mita 1.84, tena anahesabu na nywele. Tulihitaji mtu ambaye siri yake iko mahali tunapoweza kufika. Ndipo tukamchagua Hakeem Olajuwon, kwa sababu ya miguu yake.

Hakeem naye ni mrefu, hatukatai. Lakini warefu ni wengi, na wengi wao hawakumbukwi.

Alizaliwa Lagos, Nigeria, tarehe 21 Januari 1963, katika familia ya Kiyoruba. Wazazi wake walikuwa wafanyabiashara wa saruji. Ndugu mgeni rasmi, tunaomba neno hilo saruji ulishike, tutalirudia. Shuleni Hakeem hakucheza kikapu. Alikuwa golikipa wa mpira wa miguu na mchezaji wa mpira wa mikono. Kikapu alikianza akiwa na miaka kama 15, umri ambao hapa kwetu mtu akija kuomba namba kwenye timu huambiwa ameshachelewa, aende kwaya. (Na hata Hasheem alianza katika umri huohuo.)

Tumefikiri sana kuhusu huo ugolikipa. Golikipa haruki ovyo. Akiruka mapema mpira unampita, akichelewa anauokota wavuni. Kabla mikono haijafanya lolote, miguu imeshapiga hatua mbili ndogo kumweka mahali pake. Mtoto aliyefanya hivyo kila jioni Lagos ndiye aliyekuja kuzuia mitupo 3,830 katika NBA, na hadi leo hakuna aliyemfikia tangu ligi ile ianze kuhesabu. Watu husema kuzuia ni kuwa na mikono mirefu. Sisi golikipa wetu wa shule, ambaye tumemshawishi ahamie kikapu, ana mikono ya kawaida kabisa, na anawasumbua wote.

Mwaka 1980 alikwenda Chuo Kikuu cha Houston, Marekani. Alipotua uwanja wa ndege hakukuta mtu wa kumpokea. Alipopiga simu chuoni aliambiwa achukue teksi. Msimu wa kwanza hakucheza mechi, alikuwa wa mazoezi tu. Majira ya kiangazi akawa anakwenda kwenye ukumbi wa mazoezi wa mjini hapo kucheza dhidi ya Moses Malone, ambaye wakati huo alikuwa mmoja wa wachezaji bora wa kati duniani, mtu mzima mwenye kifua kama mlango wa ghala. Kupigwa vikumbo na mtu wa namna hiyo bila mshahara wala makofi ya watazamaji, hiyo ndiyo shule aliyosoma.

Timu yake ya chuo, aliyocheza pamoja na Clyde Drexler, ilifika nusu fainali ya taifa mara tatu mfululizo, 1982, 1983 na 1984, na haikutwaa ubingwa hata mara moja. Fainali ya 1983 walifungwa 54 kwa 52, bao la mwisho likiingia muda ukiwa unakatika. Hakeem alichaguliwa mchezaji bora wa hatua hiyo ya mwisho ingawa timu yake ilishindwa. Mwaka uliofuata wakafungwa tena fainali, safari hii na Georgetown ya Patrick Ewing. Ewing huyo tutakutana naye mbele.

Katika uteuzi wa wachezaji wapya mwaka 1984, Houston Rockets walimchukua Hakeem akiwa wa kwanza. Jordan alichukuliwa wa tatu. Hapa ndipo kikao chetu kilipovurugika, kwa sababu upande wa Jordan walisema Houston walikosea, na kwamba Hakeem alipata ubingwa wake mara mbili, 1994 na 1995, kwa kuwa Jordan alikuwa amekwenda kucheza besiboli. Jibu letu limo kwenye rekodi. Jordan alirudi Machi 1995. Chicago yake ikatolewa na Orlando Magic. Orlando hao wakafika fainali na kijana wao Shaquille O'Neal, na Hakeem akawafunga mechi nne kwa sifuri. Baada ya hapo Kidato cha Tatu walikubali kuendelea na ajenda.

Lakini tusiruke miaka. Mwaka 1986 Houston walifika fainali wakafungwa na Boston Celtics. Kisha ukaja ukimya mrefu. Kuanzia kuchaguliwa kwake hadi ubingwa wa kwanza ilipita miaka kumi. Katikati yake alifanya mambo ambayo wachache sana wamewahi kuyafanya. Mfano ni tarehe 29 Machi 1990, dhidi ya Milwaukee, alipopata pointi 18, rebaundi 16 (yaani kudaka mpira uliokosa ringi), pasi za mabao 10 na kuzuia mitupo 11 katika mechi moja. Mwaka 1991 alirekebisha jina lake, kutoka Akeem walilozoea kumwandika Wamarekani hadi Hakeem. Mwaka 1993 akachukua uraia wa Marekani, na mwaka 1996 akavaa medali ya dhahabu ya Olimpiki kule Atlanta kwa jezi ya nchi hiyo. Baadhi yetu hilo bado linatuuma kidogo.

Fainali ya 1994 ilikuwa dhidi ya New York Knicks ya Ewing yuleyule. New York wanaongoza mechi 3 kwa 2. Mechi ya sita, sekunde za mwisho, Houston wako mbele 86 kwa 84. Mpira uko kwa John Starks wa New York, kwenye mstari wa pointi tatu. Akifunga, ubingwa ni wao. Hakeem ni mchezaji wa kati, kazi yake iko chini ya ringi, na mtu wake ni Ewing. Lakini alitoka nje, akamfuata yule mfupi mwenye kasi, na mpira ulipotoka mkononi akaugusa kwa ncha za vidole. Ukafa njiani. Mechi ya saba Houston wakashinda. Tumeitazama picha hiyo ya video kwenye simu ya mwalimu mara nyingi kupita kiasi, na kila mara mwalimu anatuambia tusiangalie mkono. Angalieni miguu inavyotoka ndani hadi nje. Msimu huo alikuwa Mchezaji Bora wa ligi, Mlinzi Bora, na Mchezaji Bora wa fainali, vyote vitatu kwa mpigo, na hakuna mwingine aliyewahi kuvikusanya ndani ya msimu mmoja.

Mwaka 1995 Houston waliingia hatua ya mtoano wakiwa nafasi ya sita upande wao, na hakuna bingwa aliyewahi kuanzia chini kiasi hicho. Njiani walikutana na David Robinson wa San Antonio, aliyekuwa ametoka kupewa tuzo ya Mchezaji Bora wa mwaka huo. Hapo ndipo dunia ilipoiona vizuri ile mbinu Wamarekani waliyoiita Dream Shake. Hakeem anapokea mpira mgongo ukiwa umeelekea goli. Anatikisa bega kushoto, mlinzi anakwenda kushoto. Anageuka kulia juu ya mguu mmoja, anainua mpira kama anatupa, mlinzi anaruka. Mlinzi akiwa bado hewani, Hakeem anapita chini yake na kufunga taratibu. Kwetu hiyo ni chenga. Mtoto yeyote wa Kirumba anayecheza chandimu anaijua, isipokuwa yeye anaifanya na mpira ukiwa miguuni.

Februari ya mwaka huohuo ilikuwa Ramadhani. Hakeem alifunga saumu, akacheza, na akachaguliwa mchezaji bora wa mwezi. Hapa klabuni tunao wenzetu wanaofunga, na mwaka huu hakuna aliyetumia saumu kukwepa mazoezi, ila mmoja, naye si Mwislamu.

Kingine kilichotugusa ni viatu. Wakati viatu vya nyota wenzake vilikuwa vinauzwa zaidi ya dola 100, yeye alikubali jina lake liwe kwenye kiatu cha Spalding cha dola 35 hivi, ili mama wa kipato kidogo aweze kumnunulia mwanawe. Sisi tunaovaa viatu vya mitumba vya soko la Mlango Mmoja, vya kuchagua kwenye rundo na mara nyingine vya kulia viwili, tulipigia makofi sehemu hiyo kuliko ubingwa.

Alimalizia kwa msimu mmoja na Toronto Raptors, mgongo ukamsumbua, akastaafu mwaka 2002. Houston wakaitundika jezi yake namba 34 asiivae mwingine, na mwaka 2008 akaingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa kikapu. Baada ya kustaafu alifanya biashara ya ardhi na majengo, na wachezaji wakaanza kumwendea. Kobe Bryant, akiwa bingwa tayari, alikwenda kufundishwa. LeBron James akaenda. Dwight Howard akaenda. Hao wote hawakufuata urefu, maana huo haufundishiki. Mwaka 2015, akiwa na miaka 52, aliingia uwanjani kwa dakika chache Johannesburg, katika mchezo wa kwanza wa NBA kuchezwa Afrika, na chenga bado alikuwa nayo.

Ndugu mgeni rasmi, sasa tunaomba utazame chini, hapo miguu yako ilipo.

Huu ndio uwanja wetu. Ni changarawe juu ya mwamba. Ringi zipo, nguzo zilichomelewa na fundi ambaye ni mzazi wetu, na ziko mita 3.05 kama inavyotakiwa; tulipima wenyewe. Mipira ipo mitatu, mmoja ukiwa na kiraka. Kisichokuwepo ni mahali pa kukanyaga. Mpira ukidundishwa hapa unakwenda unakotaka. Ukigeuka juu ya mguu mmoja, changarawe inageuka kabla yako. Muhula uliopita wachezaji wanne walitegua vifundo vya miguu, wawili kati yao wakiwa wanajaribu hiyohiyo Dream Shake. Masika ikiingia tunahamia darasani kuchora chenga ubaoni kwa chaki. Mawe ya Mwanza ni mazuri sana kwenye picha za watalii, lakini kwa kikapu hayafai.

Ombi letu ni moja, nalo ni saruji.

Hatuombi jezi. Hatuombi kikombe. Uwanja mzima ni mita 28 kwa 15, lakini tunaanza na nusu, mita 14 kwa 15. Mwalimu wa hisabati alitugeuzia hilo kuwa swali la jaribio: zege la unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 21, na kwa mifuko saba kila mita ya ujazo, jumla ni mifuko 147. Waliokosa walirudia. Kokoto hapa si tatizo, wazazi wameahidi kuzigonga na kuzikusanya. Mchanga umeshaletwa tripu mbili, ule unaouona nyuma ya choo cha walimu. Fundi yupo. Maji tutabeba wenyewe kwa ndoo, na ratiba ya zamu imebandikwa kwenye mlango wa stoo, pamoja na majina ya watoro.

Mifuko hiyo 147 si lazima itoke mfukoni mwako peke yako. Ukianza na michache mbele ya wazee hawa, tunadhani wengine wataona aibu ya kukaa kimya.

Mwisho, kabla hujaenda kukabidhi zawadi kwa darasa lililoshinda mbio za magunia, mwalimu mlezi ametuarifu kwamba enzi zako nawe ulikuwa na chenga ya kuzunguka ambayo watu wa hapa mjini bado wanaizungumza. Mpira usio na kiraka tumeuweka pembeni. Tumeifagia sehemu ile ya karibu na nguzo ya kwanza, kokoto zote tumeziondoa kwa mkono, na golikipa wetu yuko tayari kukukaba.

Tunaomba kuwasilisha.

Risala hii imeandaliwa na wanachama wa klabu na kusomwa kwako na katibu.