"Nina Vitz ya 2005": kwa nini tunakuuliza chesisi namba

Wiki iliyopita kaka mmoja alitupigia simu hapa dukani kwetu kwenye spea, kutoka Manyoni. Gari lilikuwa linachemsha, fundi kashalifungua, na alitaka pampu ya maji ya Vitz ya 2005 iwahi basi la jioni. Tulipomwomba chesisi namba alikasirika, akaona tunamzungusha.

Kaka yetu, na wengine wenye Vitz, sababu ni hii. Mwaka 2005 Vitz zilitoka za sura mbili. Hata ukichukua za lita 1.0 peke yake, ya zamani ina silinda nne na mpya ina silinda tatu.

Ile ya zamani ilianza kuuzwa Japani Januari 1999 ikiwa na injini ya 1SZ ya cc 997. Baadaye zikaja za 1.3 (2NZ) na 1.5 (1NZ). Ulaya gari hilohilo liliitwa Yaris, likachaguliwa Gari Bora la Mwaka 2000, na mwaka 2001 Toyota ikaanza kuliunda Ufaransa, kwenye kiwanda cha Valenciennes. Ulaya walipata na ya dizeli, lita 1.4. Australia na Kanada waliliita Echo. Japani sura mpya ilichukua nafasi Februari 2005. Kwa hiyo ukiandika "Yaris 2005" mtandaoni ukaagiza spea, unaweza kuletewa kifaa cha gari la Ulaya ambalo hata injini yake si yako.

Msingi wa gari hili ulizaa pia Toyota nyingine: Platz, Funcargo, bB na IST ya 2002, na hapa mteja anafaidika sana. 1NZ na 2NZ ni ndugu wa damu: kipenyo cha silinda ni kilekile, milimita 75, ila pistoni ya 1NZ inasafiri milimita 84.7 na ya 2NZ milimita 73.5. Pampu yao ya maji ni moja. Fundi akikwambia "chukua ya IST, inaingia", yuko sahihi kama Vitz yako ni NCP10. Kama ni SCP10, hela yako imepotea.

Herufi hizo zipo mwanzoni mwa chesisi namba kwenye kadi ya gari. N ni injini za NZ, S ni za SZ, K ni ile ya silinda tatu. Usiishie kwenye herufi tu, soma na tarakimu: SCP10 ni lita 1.0 ya zamani, SCP90 ni 1.3 ya sura mpya.

Na tukiwa kwenye pampu: maji ya visima vyetu hapa Dodoma yana chumvi. Tafadhali usiyajaze kwenye rejeta. Weka kulanti, maana pampu nyingi tunazoletewa zimeliwa na kutu kwa ndani.

Kaka wa Manyoni alituma picha ya kadi. Ilisomeka KSP90, yaani lita 1.0 ya sura mpya, silinda tatu. Pampu tuliyokuwa tumeshaitoa kwenye rafu ilikuwa ya SCP10. Basi la jioni lilimpita, ya kwake ikaondoka na la alfajiri. Ukitupigia, anza na picha ya kadi. Mengine tutayatafuta sisi.