Kapteni Sakarani hakumtuliza mtu

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa zaidi ya miaka ishirini bila kukuandikia hata mstari mmoja, na katika muda huo nimevumilia mengi, zikiwemo picha zenye maelezo ya picha nyingine na mafumbo ya maneno ambayo majibu yake hayatoki wiki inayofuata. Makala ya Jumapili iliyopita kuhusu maisha na utumishi wa Kapteni Tom von Prince, ofisa wa jeshi la kikoloni la Wajerumani aliyeuawa katika mapigano ya Tanga tarehe 4 Novemba 1914, imenishinda.

Sina ugomvi na tarehe zake. Ni kweli alizaliwa Mauritius mwaka 1866, baba Mwingereza na mama Mjerumani, na ni kweli kwamba aliangukia mbele ya jeshi lililotumwa na nchi ya baba yake, jambo ambalo mwandishi wako amelifurahia kiasi cha kulirudia mara tatu.

Kilichonikera ni ile aya isemayo kwamba kapteni huyu "aliituliza" Unyamwezi na Uhehe. Ndugu Mhariri, mtoto hutulizwa anapolia, na bahari hutulia upepo ukikata. Mtemi Isike wa Unyanyembe hakutulizwa. Januari 1893, askari wa Prince walipoivunja ngome yake huko Tabora, alijilipua kwenye ghala lake la baruti kuliko kuingia mikononi mwao. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, naye hakutulizwa. Baada ya ngome yake ya Kalenga kutekwa Oktoba 1894 alipigania porini karibu miaka minne, Prince akimsaka kutoka Iringa, kichwa chake kikiwekewa zawadi ya rupia 5,000 na vijiji vilivyomlisha vikichomwa moto, mpaka Julai 1898 alipojipiga risasi. Na fuvu lake, lililochukuliwa na Wajerumani, halikurudi Kalenga hadi mwaka 1954. Watawala wawili walioona heri kujiua kuliko kukamatwa na askari wa mtu mmoja, kisha sisi tunaandika kwa Kiswahili, lugha wanayoisoma wajukuu zao, kwamba walitulizwa! Neno hilo ni la ripoti za serikali ya kikoloni, na mwandishi wako amelihamisha lilivyo, bila hata kulifuta vumbi.

Kisha anatueleza kwamba kapteni aliitwa Bwana Sakarani kwa sababu ya shamba lake la Sakarani, karibu na Soni, Usambara. Ni kinyume chake. Shamba ndilo lililorithi jina la mtu. Alipoacha jeshi mwaka 1900 akaenda kulima, jina lilikuwa limekwisha kumganda. Sakarani ni mlevi, na waliomwona vitani walisema anapigana kama mtu aliyelewa. Wapo wanaoichukua kuwa sifa, nami siwaamini sana. Katika makala nzima, hilo ndilo neno pekee lililotoka vinywani mwa watu wa nchi hii, na ndilo alilolikosea.

Mwaka jana nilimpeleka mjukuu wangu kuona makaburi ya vita ile hapa mjini, kwa ajili ya kazi aliyopewa shuleni. Tukamkuta kijana mmoja mtembeza watalii akiwaeleza wageni wawili kwamba Sakarani aliuawa na nyuki. Nilimvuta pembeni nikamwambia kwa upole kwamba nyuki wa Tanga waliwauma wapiganaji wa pande zote mbili, lakini kapteni alipigwa risasi akiwa anaongoza watu wake mjini. Akanijibu, "Shikamoo mzee. Ila wageni wanaipenda hiyo ya nyuki." Mjukuu wangu, daftari mkononi, alikuwa ameshaandika nyuki. Mwalimu wake akampa tiki.

Na hapo sijawagusa askari. Siku ile Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na watu wapatao 1,000, wengi wao Waafrika, dhidi ya wapatao 8,000 walioletwa kwa meli kutoka India. Makala yako imemtaja mke wa kapteni, Bibi Magdalene, kwa jina na kwa heshima zote, nami nampa pole ya ujane wake; lakini waliokufa siku ileile upande uleule, wenye ngozi kama yangu, wamepata maneno manne: "pamoja na askari kadhaa".

Napendekeza basi kwamba mtakapoichapa tena picha ya kapteni, mwache kando yake kisanduku cheupe cha ukubwa uleule, kisichouzwa hata kwa tangazo la mganga, na chini yake mwandike "Kadhaa". Mwandishi wako naye apewe nauli ya kwenda Soni pamoja na kamusi ya Kiswahili, aanze kusoma herufi S akiwa garini. Akae dirishani, upande wenye mwanga.

Mwalimu mstaafu wa historia,
Chumbageni, Tanga