Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya ajira kuhusu wahitimu wanaotafuta kazi nje ya nchi

Mheshimiwa Waziri,

YAH: MHITIMU WA UHANDISI ASIYE NA UZOEFU NA AJIRA ZA NJE YA NCHI

Nakusalimu kwa heshima na naomba niende moja kwa moja kwenye hoja. Mimi ni mhitimu wa uhandisi ujenzi, mkazi wa Moshi. Viongozi wanaokuja huku kuzungumza na vijana hutuasa tuchangamkie fursa za nje, hasa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini sijamsikia hata mmoja akieleza mhitimu ambaye hajawahi kuajiriwa apitie mlango gani.

Mlango wa karibu ni Holili, mpakani na Kenya, na makao makuu ya Jumuiya yenyewe yapo hapo Arusha. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, na mwaka 2012 yakasainiwa makubaliano ya nchi wanachama kutambua wahandisi wa wenzao. Ukisikiliza hotuba, utadhani mhandisi wa Kitanzania anavuka tu na kuanza kazi Nairobi au Kampala. Ukisoma maandishi, anayetambuliwa ni mhandisi mtaalamu aliyekwisha kusajiliwa na bodi ya nchini kwake. Ili Bodi ya Usajili wa Wahandisi inisajili kwa ngazi hiyo, shahada peke yake haitoshi. Natakiwa kwanza nifanye kazi chini ya usimamizi wa mhandisi aliyesajiliwa, na mpango wa mafunzo kwa vitendo ambao Bodi imekuwa ikiuendesha tangu 2003 ni wa miaka mitatu. Utaratibu huo siupingi, kwa kuwa anayesaini michoro ya daraja anabeba roho za watu. Shida ni kwamba nafasi za kupata uzoefu huo ni zile zile za ajira ambazo hazitoshi, kwa hiyo ninaambiwa nikatafute nje kwa sababu nyumbani hakuna, na huko nje wananitaka niende na uzoefu wa nyumbani.

Ujerumani nayo ilifungua njia mpya Juni 2024, inayomruhusu mwenye sifa kwenda kutafuta kazi akiwa huko huko. Mwombaji huonyesha kwamba ana zaidi ya yuro elfu moja za kujikimu kwa kila mwezi atakaokaa. Kijana wa Moshi mwenye akiba ya namna hiyo angekuwa amekwisha kufungua duka la vifaa vya ujenzi.

Kinachobaki ni nchi za Kiarabu za Ghuba, na huko anayekufungulia mlango ni wakala. Sheria ya Kukuza Huduma za Ajira ya mwaka 1999 inamtaka wakala binafsi awe na leseni, lakini matangazo yanayobandikwa kwenye nguzo za umeme yana namba ya simu tu, ya leseni haipo. Wakala niliyemfuata mimi yuko Arusha, na sitamtaja. Ofisi yake ni safi, ina bendera za nchi mbalimbali mezani, na aliniandikia stakabadhi ya fedha za usajili kwa mkono, isiyo na namba ya mlipakodi. Karatasi zilipokuja nilizilaza sambamba nikazisoma: kwenye barua ya ajira niliitwa mhandisi msaidizi, na kwenye viza niliitwa mtalii. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba wote huanza hivyo, mambo hubadilishwa ukishafika. Nilikataa kusafiri, na fedha za usajili, nikaambiwa, hazirudishwi. Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka kanuni kwamba wakala asimtoze mtafuta kazi ada yoyote, ya wazi wala ya mzunguko. Huku kwetu, kutozwa ndiyo hatua ya kwanza, na wengi wanaona ni kawaida.

Nisisitize kwamba gharama halali hazinisumbui. Pasipoti ni shilingi 150,000, unalipa kwa namba ya malipo na unajua fedha imekwenda wapi. Hata safari ya Dar es Salaam kufuata muhuri wa ubalozi mtu anaivumilia, ingawa nauli na pa kulala vinauma. Anayeumia zaidi ni yule ambaye ameuza ng'ombe wa wazazi ili alipie nafasi ya kazi ambayo haipo.

Serikali ina sababu yake pia ya kulitazama hili. Wengi wetu tumesomeshwa kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, na mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Aliyeingia nchi ya watu kwa viza ya utalii hana mshahara unaoweza kukatwa, na akipata matatizo, ubalozi wetu haujui kama yupo.

Ombi langu kubwa, Mheshimiwa, linahusu mikataba ambayo nchi yetu inajadiliana na nchi nyingine. Kenya ilisaini na Ujerumani makubaliano ya uhamiaji na ajira Septemba 2024. Sisi tutakapokaa mezani, iwe na Ujerumani, nchi za Ghuba au majirani zetu, naomba mhitimu aliye kwenye mafunzo atajwe humo waziwazi kama kundi lake, na miaka atakayofanya kazi huko chini ya mhandisi aliyesajiliwa ihesabiwe na Bodi yetu kwa utaratibu utakaotangazwa mapema, kabla hajapanda ndege.

La pili ni dogo na halihitaji bajeti. Orodha ya mawakala wenye leseni ibandikwe kwenye ofisi za kata na stendi, Moshi na Arusha kwa kuanzia, ikiwa na tarehe ambayo kila leseni inaisha, na afisa kazi wa mkoa apewe jukumu la kulinganisha mkataba na viza ya kila anayeondoka kupitia kwao. Kazi hiyo ni ya dakika chache kwa mtu mmoja. Naomba majibu yako yatolewe hadharani, kwa kuwa wanaoyasubiri ni wengi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mhitimu wa uhandisi ujenzi,
Moshi, Kilimanjaro