Pete ya Cubs mliyoniuzia ni feki, nataka hela yangu

Kwenu kampuni,

Habari za kazi. Mimi mteja wenu niko hapa Chicago, mwezi uliopita nilinunua kwenu pete ya ubingwa wa 2016 ya Cubs, timu ya besiboli ya hapa, tangazo lenu likasema ni pete orijino ya mchezaji, dhahabu nyeupe karati 14, na cheti juu. Tulichanga mimi na wadogo zangu wawili, dola 8,400, na tuliwaamini kwa sababu nyie ni watu wa nyumbani na tangazo lilikuwa kwa Kiswahili.

Ilikuwa zawadi ya mzee wetu kufikisha miaka 70. Mzee kafika huku 1984, mwaka ambao Cubs waliongoza 2-0 dhidi ya San Diego halafu wakapigwa tatu mfululizo, na hapo hapo ndo akawapenda. 2003 zilibaki auti 5 tu, yaani kuwatoa wapigaji 5 wa wapinzani, waingie fainali, wakapoteza, tukamkuta mzee analia jikoni peke yake. Sasa 2016 walipomfunga Cleveland 8-7 kwenye iningi ya 10, ya nyongeza, baada ya miaka 108 bila ubingwa, mnaelewa hiyo pete kwake ni nini?

Siku ya sherehe kaivaa, yuko anakula pilau, jiwe jekundu likadondokea kwenye sahani. Akaliokota, akalifuta na leso, akalitia mfukoni bila kusema neno. Mimi chakula kilinishinda.

Kesho yake nikaipeleka kwa sonara. Sumaku imeinasa, na dhahabu hainaswi na sumaku jamani! Mawe yamebandikwa na gundi, muhuri wa 14K hakuna, yule mbuzi anayechongwa ndani kwa ajili ya ile laana ya 1945, ya jamaa aliyefukuzwa uwanjani na mbuzi wake akailaani timu, hayupo. Ukingoni zinatakiwa almasi 108, moja kwa kila mwaka wa kusubiri, nimezihesabu kwa ncha ya sindano mara mbili nikapata 84, na zote ni vioo. Hicho cheti nacho mmekisaini nyie wenyewe.

Pete za mfano zipo na hazina ubaya, mngesema ni ya mfano ningelipa bei ya mfano. Nimewaandikia mara tatu, mkanijibu eti mali ikishauzwa hairudi na ningeangalia picha vizuri. Picha inaonyesha sumaku?

Nataka dola 8,400 zote pamoja na dola 60 za sonara ndani ya siku 14, na lile tangazo mlitoe leo maana naona bado mnauza nyingine kama hiyo hiyo. Mkikaa kimya nafungua madai benki kwa sababu nililipa kwa kadi, na karatasi ya sonara naipeleka ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Illinois wanakopokea malalamiko ya wateja. Pete ninayo, nitairudisha hela ikiingia. Lile jiwe jekundu bado liko kwa mzee, sijaweza kumwomba.

Mteja wenu, Chicago