Muulizeni fundi kasi aliyoiweka

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyelalamika kwamba mafundi wa kebo za ardhini huchimba kwa kubahatisha. Wapo wa namna hiyo, sikatai. Nami natafuta hitilafu za kebo, na naona kosa haliko kwenye sururu bali kwenye skrini.

Kifaa chetu hurusha pigo fupi la umeme ndani ya kebo, kisha kinasubiri mwangwi. Kebo ya omu 50 iliyo nzima, ikifungwa ukinzani wa omu 50 mwishoni, hulimeza pigo lote na hakirudi kitu. Waya ukikatika, mwangwi unarudi umesimama juu kama ulivyotumwa. Ukipiga shoti, unarudi umepinduka. Jointi iliyoingia maji, kwa kawaida, huchora kibonde kidogo tu, na mwenye haraka hukipita bila kukiona.

Sasa, kifaa hakipimi mita. Kinapima muda, na mita kinazikokotoa kutokana na kasi aliyoiweka fundi mwenyewe. Hapo ndipo mitaro ya bure inapoanzia. Kwenye kebo koaksia (waya mmoja katikati, mwingine umeuzunguka) yenye kihami cha polithini isiyo na povu, pigo huenda kwa takriban asilimia 66 ya kasi ya mwanga, yaani mita 198 hivi kwa mikrosekunde. Mwangwi ukirudi baada ya mikrosekunde 1.2, hitilafu iko mita 119, maana muda huo ni wa kwenda na kurudi. Fundi akiacha asilimia 80 aliyoiweka jana kwa kebo ya povu, atachimba kwenye mita 144, na atakuta kebo safi kabisa!

Dawa yake ni kupima kutoka ncha zote mbili. Vipimo viwili vikijumlishwa vikalingana na urefu halisi wa kebo, kasi ni sahihi. Wengi wanaona uvivu kwenda upande wa pili.

Nikiri pia kwamba zipo hitilafu zinazojificha. Mvujo wa umeme kati ya waya, wenye ukinzani wa omu 1,000, kwenye kebo ya omu 50 hurudisha asilimia 2 na ushei tu ya pigo. Kwenye kebo za umeme mkubwa hulazimika kupandisha volti mpaka cheche iruke pale penye ubovu. Kwa kitambo hicho panakuwa kama shoti, na pigo likitumwa wakati huohuo mwangwi unaonekana. Mchoro huo unalinganishwa na ule wa kabla ya cheche, na pale inapoachana ndipo pa kuchimba.

Fundi wa kebo